Bodaboda iliyotumika inavyogeuzwa kuwa pikipiki ya mashindano

Na Mwandishi Wetu

PIKIPIKI iliyochoka kubeba abiria na magunia katika vilima vya Karagwe na Kyerwa si lazima iishie kwenye rundo la chuma chakavu. Mikononi mwa fundi mwenye subira inaweza kuvuliwa mizigo yake, kukaguliwa upya na kuwa chombo cha mashindano katika uwanja uliofungwa.

Hata hivyo, kazi hiyo ina mpangilio wake, na wengi huianza kinyume. Hukimbilia injini na bomba la moshi, ilhali breki, matairi na fremu ni zile zile zilizozeeka barabarani. Pikipiki ya namna hiyo huongezewa uwezo wa kukimbia bila kuongezewa uwezo wa kusimama, na mara nyingi hurudishwa katika barabara ile ile inayotumiwa na wanafunzi, wakulima na abiria.

Makala haya yanaeleza hatua za kufanya mageuzi hayo kwa utaratibu unaokubalika katika michezo ya pikipiki duniani, kwa kuzingatia aina za pikipiki zinazopatikana katika wilaya hizo mbili za Mkoa wa Kagera na mazingira yake ya miinuko.

Wilaya za pikipiki

Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Makao makuu ya Karagwe yapo Kayanga na ya Kyerwa yapo Rubwera. Kati ya Omurushaka, Nkwenda, Isingiro, Kaisho na Murongo, pikipiki ndiyo usafiri wa kila siku. Hubeba abiria, mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa na wakati mwingine mgonjwa anayewahishwa katika kituo cha afya.

Kwa sababu hiyo, mafundi wa pikipiki si haba. Ni mafundi waliozoea kubadili mashine: huchomelea keria ndefu, huongeza nguvu ya springi za nyuma na kuweka vyuma vya kukinga injini. Mabadiliko yote hayo yana lengo moja, nalo ni kuiwezesha pikipiki kubeba zaidi. Pikipiki ya mashindano hudai kinyume chake. Haibebi kitu isipokuwa mwendeshaji, na kila kisichosaidia kuongoza, kusimama au kuondoka ni mzigo.

Wilaya hizi si mahali panapojulikana kwa mbio za pikipiki. Majirani wa karibu wenye mbio zinazosimamiwa ni Waganda. Mji wa Mbarara, ulio upande wa pili wa mpaka wa Murongo, una historia ndefu ya mbio za magari, na motokrosi ya nchi hiyo imekuwa ikifanyika katika viwanja vya Busiika na Garuga. Nchini Kenya, uwanja wa Jamhuri Park jijini Nairobi umekuwa kitovu cha mchezo huo. Hapa Tanzania mchezo huo umeonekana zaidi katika mikoa ya kaskazini.

Si jambo geni

Kuingiza chombo cha kawaida katika mashindano si jambo la ajabu. Mbio maarufu za Tourist Trophy katika Kisiwa cha Man, zilizoanza mwaka 1907, ziliandaliwa kwa ajili ya pikipiki za barabarani zenye viti, vikinga tope na vizuia sauti. Charlie Collier alishinda kundi la pikipiki za silinda moja kwa wastani wa kilomita 61 hivi kwa saa, mwendo ambao bodaboda yoyote nzima ya leo inaumudu.

Nchini Malaysia, mashindano ya Cub Prix yalianzishwa katika miaka ya 1990 yakitumia pikipiki ndogo za mitaani, na yamelea waendeshaji waliofika katika mashindano ya dunia. Nchini India, kampuni ya TVS, ambayo pikipiki zake zimeenea Afrika Mashariki, imekuwa na kikosi cha mbio tangu mwaka 1982.

Afrika Mashariki yenyewe ina mfano wake. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953, zilijengewa jina na magari ambayo mtu aliweza kuyanunua dukani. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell, alishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia. Mashindano hayo hayakumtuza mwenye injini kubwa kuliko wote. Yalimtuza aliyefika akiwa na gari zima.

Ni mali ya nani?

Kabla ya kushika spana, swali la kwanza ni la umiliki. Bodaboda nyingi huendeshwa kwa mkataba: mwendeshaji humpelekea mwenye pikipiki hesabu ya siku au ya wiki hadi kiasi walichokubaliana kitimie, ndipo pikipiki iwe yake. Kabla ya hapo chombo si chake, na kukivua taa na keria ni kuharibu mali ya mtu mwingine. Isitoshe, pikipiki inayoingia uwanjani inaacha kuingiza hesabu. Kwa familia inayoitegemea, hilo si jambo la kupuuza.

Swali la pili ni la sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasimamia vyombo vyote vya moto vinavyotumia barabara za umma, na mwendo wa juu katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Pikipiki za kubeba abiria huhitaji leseni ya usafirishaji, ambayo usimamizi wake ulihamia Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) mwaka 2019 kutoka iliyokuwa SUMATRA. Pikipiki isiyo na taa, indiketa, vioo wala honi haikidhi masharti ya barabarani. Bima nayo kwa kawaida haigusi hasara inayotokea katika mashindano.

Kwa hiyo uamuzi unapaswa kuwa mmoja na wa kudumu. Pikipiki ikishageuzwa haitembei tena barabarani. Hupelekwa uwanjani ikiwa imepakiwa kwenye gari na hurudishwa vivyo hivyo. Nyaraka za usajili zihifadhiwe, na mabadiliko makubwa kama ya injini au rangi yataarifiwe kwa mamlaka ya usajili.

Kuchagua mashine

Pikipiki zinazopatikana kwa wingi ni Bajaj Boxer, TVS na zile za Kichina zenye injini iliyoigwa kutoka Honda CG125, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1976. Injini ya Boxer 150 ina ujazo wa sentimita za ujazo 144.8 na hutoa nguvu za farasi 12 hivi. Zile za aina ya CG ni dogo zaidi, lakini ni rahisi kutengeneza na spea zake hupatikana karibu kila mahali.

Kwa anayeanza, umaarufu wa jina si muhimu kama hali ya fremu. Injini iliyochoka hufunguliwa na kurudishiwa uhai kwa pistoni, ringi na valvu mpya. Fremu iliyopinda au kupasuka ni hatari isiyoonekana. Pikipiki iliyobeba magunia kwa miaka ichunguzwe hasa sehemu ya nyuma, pale keria na shokapu zinapofungwa, pamoja na shingo ya usukani. Rangi iliyobanduka katika mstari mwembamba au kutu inayotokeza kwenye maungio huweza kuwa dalili ya ufa.

Kipimo rahisi cha unyoofu ni uzi. Usukani ukiwa umenyooka, uzi huvutwa kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele kwa pande zote mbili. Nafasi kati ya uzi na tairi ya mbele ikitofautiana upande mmoja na mwingine, na kirekebishi cha cheni kikiwa sawa, basi fremu, foku au mkono unaoshika gurudumu la nyuma umepinda. Pikipiki hiyo iachwe, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kupunguza kabla ya kuongeza

Hatua ya kwanza ya vitendo ni kuvua. Huondolewa keria, vyuma vya kukinga injini, viegemeo vya miguu ya abiria, stendi zote mbili, taa, indiketa, vioo na honi. Kiti kirefu hubadilishwa kwa kifupi cha mtu mmoja.

Faida yake hupimika. Kwa pikipiki yenye uzito wa kilo 120, kupunguza kilo 10 ni zaidi ya asilimia 8 ya uzito wa chombo. Ukiacha uzito wa mwendeshaji, ili kupata badiliko la namna hiyo kwa njia ya injini, mashine ya nguvu za farasi 12 ingehitaji kuongezewa karibu nguvu moja nzima. Kuvua hakuna gharama, hakuchoshi injini, na kunasaidia pikipiki kusimama na kukata kona, jambo ambalo nguvu ya injini haliwezi.

Hata hivyo, si kila kitu huvuliwa. Kikinga cheni hubaki, na ni vyema kuongeza kipande kinachozuia mguu au kidole kuingia kati ya cheni na sproketi ya nyuma. Kikinga tope cha mbele hubaki ili tope lisimpige mwendeshaji usoni. Ncha za usukani huzibwa ili zisitoboe mwili, na mikono ya breki na klachi huwa na vitufe vya mviringo mwishoni.

Vitu vitatu huongezwa. Cha kwanza ni swichi ya kuzima injini iliyofungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mkono wa mwendeshaji, ili akianguka injini izime papo hapo. Cha pili ni waya mwembamba unaofunga boliti ya kumwagia oili isilegee kwa mtikisiko. Cha tatu ni chupa ndogo inayopokea mvuke na matone ya oili kutoka kwenye mpira wa kupumulia wa injini. Oili ikimwagika katika kona, anayeteleza mara nyingi ni yule anayefuata nyuma. Aidha, mkono wa resi lazima ujirudishe wenyewe unapoachwa, usukani ukiwa umekatwa kulia au kushoto.

Breki mbele ya nguvu

Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama chini ya breki huongezeka mara nne. Pikipiki yenye breki nzuri kwenye lami kavu, ikiwa katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, husimama katika mita 10 hivi tangu breki ishike. Katika kilomita 80 kwa saa huhitaji mita 40 hivi. Ikiongezwa sekunde moja ya mwendeshaji kushtuka na kuamua, mita nyingine 22 zimekwisha kupita. Kwenye changarawe ya vilima vya Kyerwa umbali huo hurefuka zaidi.

Bodaboda nyingi zina breki za ngoma mbele na nyuma. Si mbaya zikitunzwa, lakini nyingi huendeshwa hadi breki shuu zinabaki chuma. Katika mageuzi, ngoma hufunguliwa, husafishwa vumbi, huangaliwa kama imekuwa ya yai, na breki shuu hubadilishwa. Waya wa breki wenye nyuzi zilizokatika hautengenezwi, hutupwa.

Wanaotaka zaidi huweka breki ya diski mbele. Kazi hiyo ifanywe kwa kuhamisha seti nzima kutoka pikipiki inayolingana: foku, rimu, diski, kashani ya breki na pampu yake. Kuchomelea kishikio cha breki kwenye foku isiyotengenezwa kwa ajili hiyo ni kucheza na maisha, kwa maana chuma hicho hubeba nguvu yote ya kusimamisha chombo. Mafuta ya breki yawe mapya na ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha pampu, kwani mafuta ya zamani hunyonya maji na huchemka breki ikipata joto.

Shokapu na matairi

Shokapu za nyuma za bodaboda hukazwa kwa ajili ya abiria wawili na mzigo. Akipanda mtu mmoja peke yake, gurudumu huruka badala ya kushika ardhi. Kwa hiyo springi zilizoongezwa huondolewa na shokapu hurudishwa katika kiwango laini. Mbele, oili ya foku hubadilishwa na kujazwa kwa kipimo kilicho sawa pande zote mbili. Oili nzito kidogo huzuia pikipiki kuinama ghafla breki inapokamatwa.

Beringi za usukani, beringi za magurudumu na bushi za mkono wa nyuma hukaguliwa kwa kutikisa kila kiungo kwa mkono, gurudumu likiwa limeinuliwa. Mchezo mdogo usiosikika katika mwendo wa sokoni hugeuka kuwa kuyumba kusikozuilika katika mwendo wa mbio. Spoki hugongwa moja moja: inayotoa mlio mzito tofauti na wenzake imelegea.

Matairi huchaguliwa kulingana na ardhi. Uwanja wa vumbi au nyasi hutaka tairi za meno, na lami hutaka tairi laini zenye eneo pana la kugusa ardhi. Mahali pote, tairi ya zamani iliyokauka na kupasuka ubavuni haifai hata kama meno yake bado ni marefu. Upepo hupunguzwa ukilinganishwa na ule wa kubeba mizigo, lakini si hadi rimu igonge mawe.

Ikumbukwe pia kuwa bodaboda si pikipiki ya motokrosi. Shokapu za motokrosi hucheza takriban sentimita 30, na za bodaboda huishia karibu theluthi moja ya hapo. Kuirusha juu ya matuta ni kuvunja fremu, na pengine uti wa mgongo wa mwendeshaji. Mbio zinazoifaa ni za mduara kwenye uwanja tambarare, ambako ushindi hutokana na kukata kona na kupangilia mwendo.

Injini na hewa ya miinuko

Injini huguswa baada ya hayo yote. Hatua ya kwanza ni kuirudisha katika hali yake ya kiwandani: oili mpya, plagi mpya, chujio la hewa safi, cheni ya muda iliyokazwa vizuri kwa injini zenye cheni hiyo, na nafasi ya valvu iliyopimwa injini ikiwa baridi. Kwa injini ya aina ya CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08. Bodaboda nyingi hupata nguvu iliyopotea kwa marekebisho hayo peke yake, bila kubadilishwa chochote.

Hapa ndipo jiografia ya Karagwe na Kyerwa inapoingia. Miinuko mingi ya wilaya hizi hufikia mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 ikilinganishwa na ile ya Dar es Salaam au Tanga, na injini isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hapo. Injini ya nguvu za farasi 12 pwani huenda isifikishe 11 katika vilima vya Kayanga.

Kabureta haina habari ya mabadiliko hayo. Jeti yake humimina petroli ile ile huku hewa imepungua, na mchanganyiko huwa na mafuta mengi kupita kiasi. Dalili zake ni plagi yenye masizi meusi makavu, moshi mweusi resi inapovutwa, na injini inayosita. Dawa si kukaza resi wala kutoboa chujio la hewa, ni kubadilisha jeti kuu kwa namba ndogo kidogo. Kwa kukadiria, penye jeti namba 100 usawa wa bahari, katika mita 1,500 huhitajika 95 hivi. Kisha plagi huchunguzwa baada ya mzunguko mmoja wa nguvu. Rangi ya kahawia isiyokolea ni nzuri, nyeusi ni mafuta mengi, na nyeupe ni mafuta machache.

Nyeupe ndiyo ya kuogopwa. Mafuta yakiwa machache injini hupata joto kali, na pistoni huweza kutoboka. Ndiyo maana pikipiki iliyorekebishwa kwa hewa ya Karagwe haipaswi kupelekwa kushindana pwani bila kurudishiwa jeti kubwa. Petroli nayo inunuliwe katika kituo kinachoaminika, kwani iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya injini igonge na kuharibika haraka.

Sproketi

Katika uwanja mfupi, mwendo wa juu kabisa hautumiki. Kinachohitajika ni kuondoka upesi katika kona, na njia ya bei nafuu ni sproketi. Chukua mfano wa sproketi ya mbele yenye meno 14 na ya nyuma yenye meno 42: injini huzungusha ya mbele mara 3 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ikiwekwa ya nyuma yenye meno 46, uwiano huwa 3.29. Nguvu ya kusukuma gurudumu huongezeka kwa karibu asilimia 10, na mwendo wa juu hupungua kwa kiasi kinachokaribiana nacho. Kwa uwanja wa mduara hiyo ni biashara nzuri.

Cheni na sproketi hubadilishwa pamoja. Cheni ya zamani ikiwekwa kwenye meno mapya huyala kwa muda mfupi, na cheni inayokatika katika mwendo huweza kufunga gurudumu la nyuma au kupasua bloku ya injini.

Yanayoonekana kuwa kasi

Kosa lililoenea ni kutoboa au kukata bomba la moshi. Sauti hupanda, na mwendeshaji huamini kuwa nguvu imepanda pamoja nayo. Bomba la injini ndogo limepimwa kwa urefu na upana ili kusaidia mtiririko wa moshi. Likikatwa ovyo, nguvu ya mwendo wa chini na wa kati hupungua, mchanganyiko wa mafuta huvurugika, na jirani hunyimwa usingizi.

La pili ni kupanua silinda ili kuingiza pistoni kubwa. Linawezekana, lakini huhitaji mashine ya kukereza iliyo sahihi, kabureta inayolingana na oili bora. Pia huiondoa pikipiki katika daraja lake, kwa kuwa mashindano mengi hupanga washiriki kwa ujazo wa injini. Anayeanza hana sababu ya kufika huko. Mwendeshaji aliyezoea kona kwa pikipiki ya kawaida humshinda mwenye injini iliyopanuliwa asiyejua kuitumia.

Mwili hauna spea

Uchunguzi wa kitabibu uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa mashindano, kofia inayofunika kidevu ndiyo inayotakiwa, ikiwa na alama ya ubora, mkanda unaofungwa na ukubwa unaobana bila kuumiza. Kofia iliyokwisha kugonga ardhi mara moja haitumiki tena, hata kama haina ufa unaoonekana.

Mengine ni glavu, buti zinazopita kifundo cha mguu, suruali na koti zito, vikinga magoti na viwiko, na kikinga mgongo. Kandambili, zinazoonekana mno katika vijiwe vya bodaboda, hazina nafasi uwanjani. Bajeti ya mavazi itengwe kabla ya ile ya injini. Asiyeweza kuyanunua bado hayuko tayari kushindana.

Uwanja kabla ya mbio

Pikipiki ikikamilika hubaki swali kubwa kuliko yote: itakimbilia wapi? Barabara ya lami kutoka Kyaka hadi Bugene imerahisisha maisha ya wakazi, lakini lami hiyo hiyo humvuta kijana kupima mwendo. Ni barabara yenye kona, miteremko, watembea kwa miguu, mifugo na malori. Hapo si uwanja, na hakuna marekebisho ya pikipiki yanayoweza kupafanya pawe uwanja.

Kiwanja tambarare kilicho mbali na makazi, chenye ridhaa ya mmiliki na kibali cha serikali ya eneo na polisi, kinaweza kuandaliwa kwa gharama ndogo. Njia huwekewa alama kwa matairi ya zamani au marobota ya nyasi, na wote hukimbia upande mmoja. Watazamaji hawasimami upande wa nje wa kona, kwa sababu pikipiki inayoteleza huelekea huko. Maji hunyunyizwa kupunguza vumbi, hasa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti. Kila pikipiki hukaguliwa kabla ya kuingia, na asiyepita ukaguzi hakimbii.

Huduma ya kwanza na gari la kubeba majeruhi huwepo tangu mazoezi, si siku ya fainali tu. Karagwe ina Hospitali ya Nyakahanga, lakini Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo Bukoba, umbali wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga, na majeruhi anayehitaji huduma za kibingwa huweza kupelekwa Bugando jijini Mwanza. Mwandalizi anayejua umbali huo hawezi kuuchukulia ukaguzi wa breki kuwa usumbufu.

Vijana wenye nia wanashauriwa kuanza kwa kuunda klabu na kuwasiliana na viongozi wa michezo wa wilaya pamoja na wasimamizi wa kitaifa wa michezo ya vyombo vya moto, ili mbio zao zitambuliwe na ziwe na kanuni. Klabu hununua kwa pamoja vile ambavyo mtu mmoja hawezi: vikinga, kisanduku cha huduma ya kwanza, seti ya jeti na sproketi, na pengine pikipiki moja ya kufundishia.

Kwa ufupi, mpangilio wa kazi ni huu: umiliki na sheria, fremu, kuvua, breki, shokapu na matairi, injini, na mwisho sproketi. Fedha zikiisha katikati, afadhali ziishie kwenye breki. Pikipiki yenye breki nzuri na injini ya kawaida itamaliza mashindano, na Jumatatu asubuhi mwendeshaji wake atakuwa kazini.